Somo Yake Zabibu

Udi ulinuka mahali pasipo na udi. Anuari alikuwa ametoka dukani kuja kula mchana, akapita mlango wa chumba ambamo mkewe alifanyia kazi, akasimama.

"Unafukiza nini?"

"Sifukizi kitu," Rukaiya alisema. Alikuwa ameshika chupa ya spiriti yenye wadudu saba, wadogo kuliko punje za mchele. Akampa ainuse. Ilinuka udi, mzito, kama wa nyumba yenye bibi harusi.

"Spiriti imeharibika," Anuari alisema.

"Spiriti haiharibiki hivyo."

Huo ulikuwa mwaka 1994. Kituo cha utafiti alikofanya kazi Rukaiya kilikuwa kimepunguza watu, naye akapunguzwa. Mumewe alimwita wauze mitumba pamoja hapo Singida mjini; akakataa. Alichukua hadubini yake kuukuu, ile ya kumulikwa na jua la dirishani, akaenda msitu wa Mgori, akapasua kichuguu kirefu, na humo akamkuta mdudu ambaye hakuwa kwenye kitabu chochote. Alikuwa wa jamii ya mbawakawa wenye mabawa mafupi, ambao tumbo hubaki nje kama mtu aliyevaa kizibao kisichomtosha. Huyu tumbo lake lilikuwa limefura, rangi ya asali, limepinda juu ya mgongo. Mchwa walimlamba, wakamtia chakula kinywani. Naye, akishashiba, aliwalia mayai yao.

Rukaiya alimchora mguu kwa mguu, akaandika kurasa kumi na moja, akazituma kwa jarida la wataalamu huko Ulaya. Zikichapishwa, chuo kimoja kilikuwa kimemwahidi kazi. Barua ilikuwa na siku tatu tu njiani.

Siku hiyo hiyo saa saba, Zabibu, binti yao wa miaka sita, alirudi kutoka shule. Hakuamkia. Alikwenda moja kwa moja kukaa chini ya meza ya hadubini.

"Baba, somo yangu amekuja."

"Somo yako nani tena? Zabibu wa nyumba ya pili?"

"Hapana. Yule ambaye mama amempa jina langu. Anasema tangu dunia iumbwe hakuwa na jina hata moja. Amefurahi sana."

Anuari alicheka, akamgeukia mkewe amchekeshe naye. Rukaiya alikuwa amekaa sakafuni.

"Anayemweleza mdudu mpya ndiye anayempa jina," alisema kwa sauti ya chini. "Nilimpa la Zabibu. Nilitaka liwe zawadi likishachapishwa. Sijamwambia mtu, Anuari. Hata wewe."

Kuanzia hapo, kila saa saba mchana, jua likiwa juu ya bati na mtaa mzima umenyamaza, ukuta wa chumba kile ulianza kutafunwa kwa ndani, trrr, trrr, ingawa Anuari alipoubomoa kwa nyundo hakukuta mchwa hata mmoja. Zabibu aliacha kushika chakula kwa mkono. Alikaa akiutazama ukuta, kinywa wazi, akimeza kitu ambacho hakuna aliyekiona akipewa, na siku baada ya siku tumbo lake lilizidi kufura na ngozi yake ikazidi kung'aa kwa rangi ya asali, mpaka siku ya tisa Anuari alipozinduka, hajui amepiga magoti tangu saa ngapi, mdomo wake umejaa ugali alioutafuna yeye mwenyewe na uso ameuinamisha juu ya uso wa mtoto, na kando yake mkewe, msomi wa chuo kikuu, anamlamba binti yao kwenye paji la uso, taratibu, macho yamefumbwa, kama anayefanya kazi aliyozaliwa nayo.

Alimvuta Rukaiya kwa nguvu hadi uani. Wote wawili walitapika.

Kesho yake walikwenda Mgori na Zabibu kwa pikapu ya kukodi. Walielekezwa kwa Bi Mwantum, mganga, mama mkavu aliyekuwa akipepeta mtama.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba." Hakuweka ungo chini. "Mama wa kichuguu. Nilikuona ukipita na jembe na kofia yako. Hukuuliza mtu."

"Nilijua ni kichuguu tu, bibi," Rukaiya alisema huku akilia.

"Sisi pale hatupataji. Aliyeko pale hakuwa na jina, na asiye na jina hawezi kuitwa, hawezi kubisha hodi kwa mtu. Wewe umempa. Tena la mtoto."

"Nitaandika lifutwe!"

"Akishapewa harudishi. Ila anaweza kupewa lingine badala yake. La mtu mzima, anayejua anachokitoa, aseme kwa kinywa chake."

"Apewe langu," Anuari alisema.

"Wewe ndiye uliyeandika?"

Rukaiya alifuta machozi kwa upande wa kanga. Anuari alijua mkewe anachokifikiria, kwa maana alishamsikia mara nyingi akiwacheka watu wa namna hiyo: kwa wataalamu wa wadudu, kumpa mdudu jina lako mwenyewe ni aibu isiyofutika. Hakuna chuo ambacho kingemtazama tena.

Walimpeleka Zabibu kwenye kichuguu. Bi Mwantum alimwaga maji, akasema maneno ya Kinyaturu ambayo watu wa mjini hawakuyaelewa, akamwashiria Rukaiya aseme.

"Aitwe Rukaiya," alisema.

"Rukaiya," Zabibu alirudia, kwa sauti nene ya mwanamke, polepole, kama mtu anayeonja chumvi ya mchuzi. Kisha akakohoa kitu cheupe, mayai madogo, kiganja kizima, akaanza kulia kama mtoto na kuomba maji.

Walifika posta kabla haijafungwa, wakapiga telegramu: jina libadilishwe. Likabadilishwa. Mwaka uliofuata jarida lilitoka, na profesa wa chuo kile kilichoahidi kazi aliandika mistari miwili, kwamba hakutegemea majivuno ya aina hiyo kutoka kwake. Rukaiya aliisoma barua akaichania jikoni. Zabibu alikuwa amenenepa kwa afya, anaruka kamba. Hilo lilimtosha.

Lakini kila siku saa saba Rukaiya aliingia chumbani, akafunga mlango. Saa hiyo Anuari alikuwa akimpeleka Zabibu kwa dada yake na kumwacha huko hadi alasiri. Majirani walisema wanasikia wanawake wawili wakizungumza humo ndani, kama watu waliokua pamoja. Anuari aliwaambia ni redio.

Ijumaa moja hakwenda msikitini. Alivua viatu, akaenda akabandika sikio mlangoni. Walikuwa wakicheka, kicheko kimoja katika koo mbili. Kisha akamsikia mkewe, kwa sauti yake ile ile ya kila siku, anauliza:

"Na huyu anayesikiliza mlangoni, somo, tumfanyeje?"

Anuari hakungoja jibu. Alikimbia bila viatu mpaka kwa dada yake, akambeba mtoto, akapanda basi la kwanza lililotoka. Hakuuliza linakwenda wapi.