Kiota cha Leke-leke

Kila siku akitoka shule, Delfina alivua sare, akala viazi vya moto na kipande cha jibini, kisha akawatoa kondoo wa bibi yake zizini na kuwapeleka malishoni kando ya ziwa Titikaka. Kondoo wenyewe walikuwa wachache, lakini usumbufu wao ulitosha kundi zima. Aliyeongoza kwa usumbufu alikuwa dume mmoja mwenye pembe iliyovunjika. Jina lake Diwani, kwa sababu alipenda kutangulia mbele na hakuwa na habari ya kumsikiliza mtu.

Delfina alikuwa na umri wa miaka kumi na miwili. Baba na mama yake walifanya kazi ya ushonaji mjini El Alto na walirudi nyumbani wakati wa sikukuu tu, kwa hiyo yeye alikaa na bibi yake, Asunta, katika kijiji cha Chukasaya. Mwaka huo Bibi Asunta alikuwa na kazi kubwa kuliko kufuga kondoo. Kila mwaka nyumba moja kijijini hupewa zamu ya kutazama dalili za msimu, ili watu wajue mahali pa kupanda viazi: chini kwenye tambarare ya ziwa, au juu mlimani. Sasa zamu ilikuwa ya nyumba yao.

Dalili inayoaminiwa kuliko zote ni leke-leke. Ndege huyo hana habari na miti, hutaga ardhini. Akitaga juu mlimani, watu wa Chukasaya husema ameona maji mengi yanakuja, nao hupanda mlimani. Akitaga bondeni, husema amejua kwamba maji hayatafika huko, mwaka utakuwa mkavu, nao hupanda chini, mahali udongo unapotunza unyevu.

"Mguu wangu huu hauniruhusu kuzunguka," Bibi alimwambia Delfina. "Wewe uko malishoni kila siku. Ukiona kiota, usikiguse. Njoo uniambie kiko wapi, basi."

"Na nikikigusa?"

"Ala! Kumbe hujui? Anayevunja yai la leke-leke huita mvua ya mawe. Umesahau maharage ya mwaka juzi?"

Delfina hakuwa amesahau. Mvua ya mawe ilikuwa imeyalaza maharage ya kijiji kizima katika alasiri moja, na baada ya hapo watu walitazamana kwa jicho la pembeni, kila mmoja akiuliza nani amevunja mayai. Binti mmoja wa jirani alishukiwa bila ushahidi wowote. Wenzake wakamtenga hata uwanjani, akawa anakula peke yake nyuma ya darasa. Delfina naye alikuwa miongoni mwa waliomtenga.

Siku chache baadaye alikiona kiota. Kilikuwa bondeni kabisa, karibu na matete ya ziwani, na ndani yake mlikuwa na mayai manne ya kijani yenye madoa meusi. Ndege aliruka juu ya kichwa chake akipiga kelele, "Leke-leke-leke!" Delfina alirudi nyuma haraka, moyo umejaa furaha. Jioni hiyo angempelekea Bibi habari ambayo kijiji kizima kilikuwa kinaingoja.

Lakini rafiki yake Yesica alikuwa amekuja na vijiwe vipya vya mdako, vyeupe na laini, navyo havikumwacha Delfina atulie. Walikaa chini, wakacheza, na Delfina akashindwa vibaya. Yesica alipoitwa nyumbani na mama yake, alimwachia vijiwe.

"Jifunze, jifunze," alimtania. "Kesho nisije nikakuonea huruma!"

Delfina akabaki anarusha na kudaka peke yake. Alimsikia ndege akilia, akalia tena kwa nguvu zaidi. "Naye huyu kwa makelele!" alisema, akarusha kijiwe kingine. Alipoinua macho, Diwani alikuwa amesimama karibu na matete na wenzake wote wamemzunguka, wanatafuna bila wasiwasi.

Alikimbia akipiga mayowe, lakini alikuwa amechelewa. Mayai mawili yalikuwa yamepondwa, ute umeingia matopeni. Aliyakumbuka maharage yaliyolala, akamkumbuka na yule binti wa nyuma ya darasa. Alizika maganda kwenye tope kwa vidole. Mayai mawili yaliyosalia aliyafunga katika shali yake, akayapeleka juu mlimani, mahali ambapo kondoo hawapandi, akayalaza kati ya mawe juu ya majani makavu. Hakuwaza habari ya viazi hata kidogo. Alitaka tu mayai yale yasalie, na mtu asijue.

"Leo umeona chochote?" Bibi aliuliza jioni.

"Bado, Bibi."

Pengine mambo yangeishia hapo. Lakini asubuhi iliyofuata Mzee Primitivo, mkuu wa kijiji, alifika mlangoni akitweta, kofia mkononi.

"Mama Asunta! Kiota! Kiko juu mlimani, nimekiona mwenyewe nilipokwenda kutazama ukuta wa mawe!" Akamgeukia Delfina. "Wewe unachunga upande ule. Umekiona?"

Delfina aliwaza haraka. Akisema hapana, wataanza kuuliza maswali. "Ndiyo," alisema. "Jana. Nilitaka kuhakikisha kwanza."

"Ila sikumsikia ndege mwenyewe," alisema mzee.

"Alikuwa amekwenda kutafuta chakula."

Ajabu ya uongo ni kwamba wa pili hutoka kwa urahisi kuliko wa kwanza. Mzee Primitivo aliridhika. Bibi naye alishusha pumzi ndefu, maana dalili nyingine alizokuwa akizitazama mwaka huo zilikuwa zinapingana, naye alikuwa halali kwa kuwaza. Alimshika Delfina begani kwa mkono wake mkavu.

"Mungu akubariki, mjukuu wangu. Macho yangu siku hizi ni haya yako."

Neno hilo lilimchoma Delfina kuliko kiboko.

Habari zilienea mara moja. Mkutano wa kutangaza mahali pa kupanda ulikuwa Jumapili, lakini watu hawakungoja. Punda walianza kupandisha samadi mlimani kutwa nzima, na watoto wakatumwa kuondoa mawe mashambani. Kila Delfina alipopita, mtu alimsifu. "Huyu ndiye aliyekiona!" walisema. Yeye aliinamisha kichwa, nao wakadhani ana haya. Chakula kilimshinda. Yesica alimwita wacheze mdako, akakataa.

Jumapili asubuhi, akielekea mkutanoni, alimkuta Nazaria njiani. Nazaria alikuwa mjane wa jirani, mama wa watoto wanne, na hakuwa na punda. Alikuwa ameketi juu ya jiwe, anahema, na kando yake pana mfuko wa viazi vya mbegu alioufunga kwa kitambaa cha kubebea mgongoni.

"Shangazi, ngoja nikusaidie," alisema Delfina.

"Ee, nisaidie, mwanangu. Mlima huu utanitoa roho." Wakaubeba mfuko, mmoja huku na mmoja kule. "Mbegu zangu zote ndizo hizi," Nazaria aliendelea kusema kati ya pumzi. "Mimi moyo wangu ulitaka kupanda chini, karibu na nyumbani. Lakini nikasema, mimi ni nani? Mtoto wa Asunta ameona. Mtoto yule hana makuu, akisema ameona, ameona."

Delfina aliachia upande wake wa mfuko. Viazi kadhaa vilitoka na kubiringika njiani.

"Vipi tena? Umeumia?"

"Shangazi, usipande mlimani," Delfina alisema, machozi yakimtoka. "Kiota kilikuwa chini. Mimi ndiye niliyekipeleka juu."

Akamweleza yote, tangu vijiwe vya mdako mpaka maganda yaliyozikwa matopeni. Nazaria aliokota viazi vyake kimoja kimoja, akavirudisha mfukoni.

"Na hiyo mvua ya mawe," Delfina alisema akishikwa na kwikwi, "ikija, itakuwa kwa ajili yangu."

Nazaria alikuwa na hasira, na hasira yake ilionekana, lakini alimfuta mtoto machozi kwa ncha ya shali.

"Mimi siwezi kukusemea," alisema. "Walioamini ni wengi, na wewe ndiye uliyewaambia. Ila twende. Nitasimama karibu yako."

Uwanja wa shule ulikuwa umejaa. Bibi Asunta alikuwa tayari amesimama mbele akiegemea fimbo yake, Mzee Primitivo kando yake. Delfina alipita katikati ya watu, akapiga moyo konde na kusema kabla Bibi hajafungua mkutano. Sauti yake ilikuwa ndogo, hata ikabidi aanze upya.

Alipomaliza, kelele zikalipuka.

"Samadi yangu yote iko juu!" mwanamume mmoja alifoka. "Nani ataniteremshia?"

"Achana na samadi! Mayai yamevunjwa! Mwaka huu tumekwisha, mawe yatatuangukia!"

"Kutwa mdako, mdako! Watoto wa siku hizi hawa!"

Mzee Primitivo aliinua kofia yake mpaka watu wakatulia. Uso wake ulikuwa umeiva kwa aibu.

"Kama ni kulaumu, nami nimo," alisema. "Nilikiona kiota, ndege simwoni, simsikii. Tangu lini leke-leke akaacha mayai yake bila kelele? Nilikuwa na furaha mno hata sikutaka kujua zaidi."

Ndipo Bibi Asunta aliposema. Hakumtazama mjukuu wake, aliwatazama watu.

"Mwaka juzi mvua ya mawe ilipotupiga, nani alikuwa amevunja yai? Nitajieni."

Watu walitazama viatu vyao.

"Hamjui, na mimi sijui. Lakini tulimtesa mtoto wa watu. Nawaambia nilivyoambiwa na mama yangu nikiwa mtu mzima tayari: wazee waliyakataza mayai haya ili yasiliwe, ndege akaisha, tukakosa wa kututazamia maji. Katazo ni jema. Kwa watoto walilitia vitisho ili lishike, na mimi nimefanya vivyo hivyo. Nilimfundisha huyu asivunje yai. Sikumfundisha la kufanya likishavunjika. Kosa hilo ni langu."

Delfina alidhani amesamehewa, akainua uso. Bibi sasa alikuwa anamtazama yeye, na macho yale hayakuwa na mzaha.

"Na lako ulisikie. Kondoo kukanyaga mayai ni ajali ya mtu aliyezembea, nayo ingekwisha siku ileile. Lakini nilikuuliza jioni, na asubuhi ukaulizwa tena. Leke-leke ni ndege tu, anaweza kukosea. Akikosea, tunafunga mkanda wote pamoja na hakuna anayemchukia mwenzake. Wewe uliposema umeona usichokiona, ulitufumba macho wote, na Nazaria akabeba mbegu za watoto wake kupeleka usikokujua."

"Nisamehe, Bibi."

"Msamaha utauomba kwa miguu. Kesho nenda ukatazame upya, na chochote utakachokiona, uje ukisemee hapa hapa, mbele ya hawa hawa."

Kesho yake mwalimu aliwaruhusu wanafunzi mapema, na watu wazima wengi nao wakatoka kutafuta. Delfina alizunguka bondeni mpaka viatu vyake vikajaa tope. Ndege mmoja alimrukia akilia, mwingine akajiburuta mbele yake akijifanya amevunjika bawa, ili amvute mbali na mayai. Delfina alisimama, akatazama vizuri, akarudi nyuma bila kugusa. Kisha akapanda mlimani. Upande wa ziwa aliutembea wote. Upande wa pili hakuufikia, maana wingu lilishuka na Mzee Primitivo akawaita watoto wateremke.

Watu walikusanyika tena uwanjani. Bibi aliuliza kwa sauti ya kusikika na wote.

"Delfina, umeona nini?"

"Nimeona viota viwili, Bibi. Vyote viko bondeni, karibu na matete, na ndege wenyewe wapo, wanalia."

"Na mlimani?"

"Upande wa ziwa hakuna, ila kile nilichokiweka mimi mwenyewe." Alisita. Wote walikuwa wanangoja, naye alijua jibu walilolitaka. "Upande wa pili sikufika. Huko sijui."

"Huko nimepita mimi," alisema Mzee Primitivo. "Hakuna kitu."

Yule mwanamume wa samadi alisonya. "Sasa si angesema tu hakuna, yakaisha? Mtoto huyu naye!"

Bibi Asunta alimgeukia taratibu.

"Angesema hakuna, angepatia kwa bahati, nawe ungempigia makofi. Lakini tusingejua lini anasema alichokiona na lini anabahatisha. Mtu asiyeogopa kusema hajui, ndiye unayeweza kumwamini akisema ameona. Enyi watoto, hilo mlishike, hata kama viazi hamvipendi." Watu wakacheka, na yeye akagonga fimbo chini. "Haya, tunapanda bondeni. Mbegu ziteremke."

Delfina alihisi kama mtu aliyenyimwa pumzi kwa siku nyingi na sasa amerudishiwa. Hakungoja kuambiwa. Alikimbia mpaka kwa Nazaria, akajifunga ule mfuko wa mbegu mgongoni peke yake, akatangulia kuteremka nao shambani.