Kiu ya Sulami

Kilianza chombo cha maua. Ruta alikijaza maji Jumanne asubuhi kabla ya kwenda kazini, akakiweka chini ya picha ya marehemu mumewe, na aliporudi saa tisa alasiri akakuta hakina hata tone. Akasingizia joto. Januari ya Logan, huku Australia, haina mchezo, nyumba inageuka tanuri mchana kutwa. Akajaza tena, akasahau.

Jumatano ilikuwa birika. Alhamisi ikawa bakuli la mbwa, na mbwa mwenyewe kajikunja chini ya gari, hataki kuingia ndani hata kwa mfupa. Ijumaa Ruta alivuta maji chooni, hayakuja. Akafunua tangi. Ndani palikuwa pakavu kama pamepanguswa kwa kitambaa, ilhali bomba la jikoni lilikuwa linatoka vizuri tu.

"Penina! Wewe ndiye unayemwaga maji humu?"

Binti yake alikuwa mezani, mkono umeshika shavu, sahani ya wali haijaguswa. "Sijamwaga kitu, Mama."

"Basi nani? Humu tunaishi mimi na wewe."

"Muulize Mchungaji. Si ndiye anayejua kila kilichomo humu?"

Siku nyingine jibu lile lingemletea kofi. Lakini Ruta alikumbuka kwamba maombi ya Mchungaji yalianza Jumatatu jioni, na chombo cha maua kilikauka kesho yake.

Penina alikuwa na miaka kumi na sita, mrefu, mlinda goli wa netiboli ambaye shule nzima ilimjua kwa kicheko chake. Wiki mbili nyuma Ruta alichungulia simu yake akakuta ujumbe wa msichana wa darasani kwao, Keira. Haukuwa na uchafu wowote. Ulisema: napenda unavyocheka, likizo hii itakuwa ndefu bila wewe, nakupenda na najua unajua. Ruta aliusoma mara tatu. Badala ya kumwita mwanawe na kumuuliza, akawasha gari kwenda kwa Mchungaji Kalepo.

Kalepo ndiye aliyemzika mumewe. Ndiye aliyesimama naye uhamiaji walipotaka kumrudisha Samoa. Akikohoa tu kanisani, watu mia mbili wananyamaza. Alimsikiliza Ruta hadi mwisho, akatikisa kichwa kwa huzuni.

"Anayependa hapo si mtoto wako, dada Ruta. Ni aitu. Amemkalia mwanao, anasema kwa kinywa chake."

Kwa mtu aliyekulia Savai'i, kisiwa cha Samoa, aitu si neno la kuchekea. Ni pepo wa wafu, na Ruta aliwaogopa tangu akiwa mdogo. Hakuuliza swali hata moja.

Basi kila jioni Kalepo alikuja na wazee wa kanisa, wa kuitikia amina. Alimpigisha Penina magoti sebuleni, akamwekea kiganja kichwani, akakandamiza mpaka shingo ikapinda, akapiga kelele "Mtoke! Mtoke!" hadi majirani wakafunga madirisha. Mkewe, Fetu, aliketi karibu na mlango na leso mapajani. Hakuitikia amina hata mara moja. Watu walimhurumia Fetu: bintiye wa pekee, Sulami, alikuwa amefariki miaka miwili nyuma walipokwenda likizo kijijini Samoa, homa ya dengi, wakasema. Ruta mwenyewe alilia kwenye ibada ya kumkumbuka.

Jumamosi saa sita mchana, Penina akiwa amepelekwa kufagia kanisa, Ruta alikuwa peke yake nyumbani aliposikia mtu anakunywa.

Ilikuwa sauti ya gubu, gubu, gubu, ya koo linalomeza bila kupumzika. Ilitoka chumba cha kufulia. Alisogea kwa kuburuta miguu, na kadiri alivyokaribia ndivyo harufu ilivyomjia, harufu ya pumzi ya mtu aliyekaa siku nyingi bila kula, chachu na chungu, pamoja na mkeka uliolowa jasho. Akafungua mlango. Mashine ya kufulia ilikuwa imejaa nguo na maji ya sabuni, nayo maji yalikuwa yanashuka mbele ya macho yake, yanashuka na kushuka, mpaka nguo zikabaki zimelala chini, kavu, zimekunjamana kama majani ya tumbaku. Kisha, karibu sana na sikio lake, sauti yenye mikwaruzo ikasema:

"Mtoe humu."

Ruta alikimbia bila viatu juu ya lami ya moto hadi barabara ya pili, akampigia Kalepo akilia.

"Haleluya," Kalepo akasema. "Ameanza kuungua. Si umesikia? Anataka atolewe! Sasa tunamkata maji. Siku tatu, mtoto asile wala asinywe. Utamfungia kwenye gereji, ufunguo nitakaa nao mimi."

"Gereji haina dirisha, Mchungaji. Na joto hili?"

"Unampenda mwanao au unampenda aitu?"

Swali gani hilo la kumuuliza mama? Lakini Ruta alilijibu. Jumapili baada ya ibada alimpeleka mwanawe gereji kwa mkono wake mwenyewe, na Kalepo akageuza ufunguo.

Saa kumi jioni Penina aliomba maji. Aliomba kwa heshima kwanza: "Mama, tafadhali." Baadaye akaomba kwa matusi, baadaye kwa kilio, baadaye kwa jina la marehemu baba yake. Ruta alikuwa ameketi sakafuni upande wa pili wa mlango, mgongo kwenye mbao, akisali kwa sauti kubwa ili asimsikie.

Jumatatu joto lilifika nyuzi thelathini na tisa. Adhuhuri mama mdogo wa Ruta, Matalena, alishuka kwenye basi kutoka mtaa wa Inala na kapu la magimbi. Bibi huyu alikuwa mganga wa mafuta na majani. Alikanda mifupa ya Wasamoa wa Brisbane tangu Ruta akiwa kigoli. Alisimama sebuleni akanusa.

"Mna mtu humu ndani," alisema. "Penina yuko wapi?"

Kabla Ruta hajajibu, gari la Kalepo liliingia uani. Akapita bila kusalimu, glasi ya maji ya barafu mkononi, Fetu nyuma yake. Matalena akawafuata, na Ruta akamfuata Matalena.

Kalepo alifungua. Joto liliwapiga usoni. Penina alikuwa amelala ubavu kwenye saruji, midomo imebabuka, macho yamerudi ndani. Kalepo aliweka stuli mbele yake, akaiweka glasi juu yake, akachuchumaa.

"Haya, pepo. Taja jina lako, mtoto atakunywa."

Penina alijaribu kusema, ulimi ukagoma.

"Mwanaharamu wee, unamfanya nini mtoto?" Matalena akafoka.

"Mtoe huyu mzee nje!" Kalepo akamwambia Ruta, kisha akamrudia Penina. "Taja jina!"

Na hapo ndipo maji yalipoanza kushuka ndani ya glasi, hakuna aliyeigusa, hakuna aliyeikaribia, barafu ikigongana na kioo kana kwamba glasi imeinamishwa kinywani, na ile sauti ya gubu, gubu, gubu ikajaa gereji nzima kutoka saruji hadi bati, na harufu ya pumzi yenye njaa ikapanda mpaka Ruta akaziba pua, na barafu nayo ikaisha, na jasho lililokuwa likimtiririka Kalepo usoni likakauka palepale likamwachia chumvi nyeupe shavuni kama alama ya vidole vinne, na sauti yenye mikwaruzo, ambayo haikutoka kwa Penina bali begani kwa Mchungaji, pale ambapo mtoto humwegemea mzazi wake, ikasema kwa upole:

"Baba, bado nina kiu."

Kalepo aliangukia makalio. Hakupiga kelele "mtoke". Hakutaja jina la Mungu. Aliijua ile sauti.

Aliyepiga kelele ni Fetu. "Sulami! Sulami, mama yako niko hapa!"

"Nyamaza, mwanamke!"

"Sinyamazi! Nimenyamaza miaka miwili!" Fetu alimgeukia Ruta, leso imemwanguka. "Hakufa kwa dengi. Alimpenda msichana wa kwaya. Tulimpeleka kijijini ili watu wa huku wasijue. Huyu alimfungia nyumba ya nyuma, siku tano. Siku ya tano mwanangu aliniomba maji, nami nilikuwa na jagi mkononi. Huyu akaniambia liweke chini." Akajipiga kifua. "Nikaliweka chini, Ruta. Nikaliweka chini!"

Hapo Ruta akaelewa. Kumbe "mtoe humu" haikuwa pepo kuomba atolewe kwa Penina. Ni mtoto wa watu, aliyekufa kwa kiu, aliyefuata mikono ya baba yake mpaka nyumba hii kumwambia mama mwingine: mtoe mwanao humu, kabla hajawa kama mimi. Na yeye, mama, akakimbilia kumshtakia muuaji.

Alimpita Kalepo akamkanyaga mkono, kwa kusudi. Akamwinua Penina, mtoto mrefu vile, akambeba hadi jikoni, Matalena akamdondoshea maji kwa kijiko, kidogo kidogo, akiita gari la wagonjwa kwa simu iliyobanwa begani. Kalepo alitokeza mlangoni, Biblia kifuani.

"Dada Ruta, haya ni mambo ya kiroho. Tusiyapeleke kwa wazungu."

Ruta alichukua kisu cha kumenyea magimbi. "Nyumba hii ina pepo mmoja tu, Kalepo, na ana gari uani. Toka."

Alitoka. Polisi walimkuta kwake, ameweka kichwa chini ya bomba.

Wazee wa kanisa walikuja wiki iliyofuata, wanne, na mkeka wa heshima ambao Wasamoa huutoa wakitaka radhi, kuomba kesi ifutwe. Walisema Mchungaji anateseka. Anakunywa ndoo kwa ndoo, na ulimi bado unapasuka. Madaktari wamempima, hawaoni ugonjwa. Wakamgeukia Matalena: bibi, wewe una mkono, mwondolee.

"Mimi natoa aitu," Matalena akasema. "Sitoi watoto kwa baba zao."

"Lakini atakufa!"

"Binti yake alimweleza hivyohivyo."

Ruta aliusukuma mkeka kwa mguu mpaka nje ya kizingiti. "Mlikuwa mnaitikia amina," aliwaambia. "Majina yenu nimeyaandika yote, na polisi wanayo." Alikwenda mahakamani, akaapa, akaeleza kila kitu, ikiwemo nani aliyemtembeza Penina hadi gereji. Mwanasheria alimshauri hiyo asiiseme. Aliisema. Fetu naye alisimama siku ya pili akasimulia habari ya jagi, na hakuna mtu mle ndani aliyekohoa.

Penina alihamia Inala kwa Matalena. Kila Jumamosi Ruta alikwenda, akaketi kiti cha mlangoni, akarudi bila kusemeshwa. Jumamosi ya saba binti alikuja akakaa mbele yake, amevaa jezi, midomo imepona.

"Siku ile nilipoomba maji, ulikuwa wapi?"

Ruta angeweza kusema kazini, au kanisani. "Nilikuwa nyuma ya mlango."

"Ulinisikia?"

"Nilikusikia."

"Yote?"

"Yote, mwanangu. Hata jina la baba yako."

Penina alimtazama, hasira imemjaa machoni, hasira ya mtu aliyekuwa na haki nayo. "Sulami hakunijua. Hatukuwahi hata kusalimiana. Amekufa, yuko kaburini ng'ambo ya bahari, na alikuja. Wewe ulikuwa nyuma ya mlango."

Ruta hakuomba msamaha. Alishauomba mara nyingi mpaka neno limechakaa. 

Penina alifunga kamba za viatu, akasimama, akachukua begi. "Mechi ni saa nane," alisema, mgongo umegeuka. "Keira atakuwepo na wazazi wake. Ukija, utamsalimia kwa jina lake, mbele za watu."

"Nitamsalimia."

"Tutaona," alisema Penina, akatoka, akauacha mlango wazi.