Tangazo la Sita

Matangazo ya Jumatatu yalikuwa matano. Mhazili wa shule alikuwa na hakika nayo, maana aliyachapa kwa vidole vyake mwenyewe. Mtihani wa majaribio wa kidato cha nne. Mechi ya mpira wa pete Jumatano. Klabu ya mdahalo kuhamia maktaba. Kikao cha wazazi. Na kiatu kimoja cha kushoto kilichookotwa bwaloni, mwenyewe akifuate kwa mlinzi, na aje na cha kulia kama ushahidi. Hilo la mwisho alilitia chumvi kwa makusudi. Miaka kumi na tisa ya kugonga mihuri bila kucheka ingemmaliza. Wanafunzi walimwita Mama Mhuri, naye akijifanya hajui.

Makamu wa mkuu wa shule aliyasoma mstarini, na kila tangazo lilipoisha wanafunzi mia sita waliitikia kwa pamoja, "Tumesikia!" Ndiyo ilikuwa desturi yao, kesho mtu asije akasema hakuambiwa.

Akasoma la tano, akakunja karatasi, akaitia mfukoni. Spika iliyokuwa juu ya nguzo ikaendelea, kwa sauti ile ile ya makamu.

"Sita. Ijumaa tutapokea mgeni."

"Tumesikia!"

Mhazili alikuwa amesimama kando yake, hatua mbili tu. Aliuona mdomo wa makamu. Ulikuwa umefungwa. Kisha ikapita harufu ya udongo uliolowa, ilhali mvua haikuwa imenyesha mwezi mzima.

"Mgeni gani huyo, Makamu?" alimuuliza walipofika ofisini.

"Mgeni? Mimi nimesoma matano uliyonipa."

"Na la sita je? Shule nzima imekusikia."

"Mama, hebu kunywa chai kwanza," makamu alisema akicheka, lakini mkono wake ulikuwa unapapasa koo.

Jumanne spika ilisema mgeni aandaliwe chumba, na madirisha yake yafungwe kwa kuwa hapendi mwanga. Mkuu wa shule akadhani kuna mwanafunzi mtundu amechezea mitambo. Jumatano asubuhi akamwita fundi, fundi akakata waya, akawaonyesha ncha zake mbili zinazoning'inia. Makamu akasoma kwa kupaza sauti hadi mishipa ikamtoka shingoni, na alipomaliza, spika isiyo na waya ikasema kwa upole: "Sita. Mlango wa chumba ufungwe kwa nje. Ufunguo akae nao mtu mzima."

"Tumesikia!"

Walikuwa wanaogopa, watoto wa watu, wengine walishaanza kulia. Lakini mazoea yana taabu. Midomo iliitikia kabla akili haijafika.

Chumba pekee kilichokuwa tupu pale shuleni ni cha muziki. Mkuu akaamuru mlango wake ung'olewe pamoja na bawaba zake. Pasipo na mlango, alisema, tuone kitafungwa nini. Mhazili alilala na nafuu kidogo usiku ule.

Alhamisi ikamjia yeye.

"Sita. Atakayempokea mgeni ni msichana aitwaye Chiriku."

Waliitikia, kisha wakageukiana. Hakukuwa na Chiriku shuleni, wala kwenye daftari la mahudhurio, na wengine walicheka kwa woga. Mhazili hakucheka. Alishika nguzo. Binti yake alikuwa kidato cha tatu, mstari wa pili, kifungua mimba na kitinda mimba wake kwa mpigo mmoja, na Chiriku lilikuwa jina la nyumbani, la mtoto aliyeanza kupiga soga kabla ya kuota meno. Walikuwa wakiishi wawili tu, na jina hilo halikuwahi kuvuka kizingiti. Aliutafuta uso wa mwanawe kati ya nyuso mia sita, akaukuta unamtazama.

Mpishi wa shule alimleta mganga mchana ule ule, mzee mfupi asiyetaka maneno mengi. Mganga aliuliza jambo moja tu: "Akisema, mnamjibu?"

"Shule nzima," mpishi alijibu kwa sauti ya chini.

"Basi hakuvamia. Mmemkaribisha siku nne. Mimi siwezi kumfukuza mgeni aliyekaribishwa." Aliokota mkoba wake. "Kesho asiitikiwe na mtu. Asipoitikiwa, hurudi alikotoka. Akiitikiwa hata na mmoja, msinitafute."

Ijumaa asubuhi mhazili alimwambia binti yake asiende shule. Alifunga madirisha, akavuta mapazia. Chumba chao kilinuka udongo mbichi, akafikiri ni shuka lake la mabegani lililobeba harufu ya shuleni.

"Mama, hiyo spika imelijua vipi jina langu?"

"Sijui, mwanangu. Nisikilize. Ukiitwa na mtu, usiitike. Awe mwalimu, awe jirani, hata akilia. Utaitika sauti yangu tu. Umenielewa?"

"Nimekuelewa. Mama, naogopa."

"Hata mimi naogopa. Nitarudi sasa hivi."

Akafunga kufuli kwa nje, akautia ufunguo kifuani.

Mstarini aliomba asome mwenyewe, na makamu alimpa karatasi kwa shukrani. Aliwasihi watoto wasiitikie lolote leo, hata la kiatu. Akasoma matano, na baada ya kila moja kukawa kimya kizito, mia sita wameziba midomo kwa viganja, hata mkuu wa shule. Akakunja karatasi. Akabana midomo yake kwa nguvu.

"Sita," spika ilisema, na sauti ilikuwa yake yeye, na ule ukali wake na mapenzi yake ndani yake. "Chiriku, mwanangu. Mgeni amefika. Umesikia?"

Hakuna aliyejibu. Spika ikakoroma kidogo, kama mtu anayesubiri mlangoni, na katika kusubiri huko mhazili akaanza kuyahesabu, chumba kimoja, madirisha aliyoyafunga kwa mikono yake, mlango uliofungwa kwa nje, ufunguo ulio kifuani kwa mtu mzima, na msichana aliyeambiwa na mama yake aitike sauti moja tu duniani, akataka kupiga kelele, usiitike, usiitike, na koo lake halikutoa hata pumzi, maana sauti yake haikuwamo tena ndani yake.

Ikatoka kwenye spika sauti ya msichana, nyepesi, yenye nafuu.

"Nimesikia, mama."

Kikafuata kishindo kidogo cha kiti kinachovutwa, kana kwamba mtu anakaribishwa kukaa.

Mhazili alikuwa ameshafika langoni, viatu mkononi na ufunguo mkononi, na nyumbani ni mwendo wa dakika ishirini. Nyuma yake aliisikia sauti yake mwenyewe ikiwaambia wanafunzi, kwa adabu, kwamba hayo ndiyo matangazo ya leo na sasa waende madarasani. Mistari ikaanza kuondoka, mmoja baada ya mwingine, kama ilivyozoea.