Kioo Kilichopungua Vidole Viwili

Jumamosi ya soko, Biharamulo ilinuka ngozi mbichi, samaki wakavu na vumbi lililoanza kuloa. Semeni binti Amri alikuwa ameinamia viazi vitamu, kanga yake nyekundu imemteleza begani na yeye hana hata nguvu ya kuipandisha, ndipo mtu aliporuka kutoka juu ya lori la ngozi na kutua ndani ya kikapu chake.

"Samahani, dada! Sikukuona."

"Hukuniona mimi, au hukuviona viazi?"

"Vyote. Macho yangu yamejaa vumbi tangu Ngara."

Alikuwa kijana mrefu, kaptula yake ya kaki imepauka magotini, na shingoni alikuwa amejivika ukanda mrefu wa mgomba wenye mafundo mawili. Semeni aliutazama, akashindwa kujizuia.

"Na huo ni mkufu?"

"Huu ni kioo cha gari," kijana alijibu kwa uchovu wa mtu aliyekwisha kuulizwa njia nzima. "Jiwe lilikipiga cha kwanza pale Nyakahura. Kilianza ufa mdogo kama unywele, na nilipofika Ngara kilikuwa mapajani mwangu. Sasa gari limelala chini ya turubai, na mvua ndizo hizi. Nimeambiwa hapa yuko Mzee Amri, fundi wa kutia picha vioo."

"Basi fuata kikapu hiki. Ni baba yangu. Tena kibebe, maana wewe ndiye uliyekikanyaga."

Ndivyo Hatibu, dereva wa Bwana Hasani wa Ngara, alivyofika barazani kwa Mzee Amri akiwa na viazi kichwani.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Vipimo unavyo?"

"Hivi hapa. Kutoka ncha mpaka fundo la kwanza ni upana, kutoka fundo la kwanza mpaka la pili ni kimo. Sikuwa na futi, nikachuna ukanda kwenye mgomba uliokuwa karibu na gari."

Mzee Amri aliupokea kwa vidole, akaupapasa, akampa binti yake autundike msumarini. Kioo kikubwa kama hicho hakuwa nacho. Ulikuwa mwaka wa nne wa Vita vya Pili vya Dunia, na vioo vilikuja kutoka Bukoba kimoja kimoja, vikija.

"Usichelewe, mzee wangu," Hatibu alisema. "Bwana Hasani ameapa, mwezi ukiandama gari halina kioo, analiuza kwa mtu wa Kabanga. Likiuzwa, mimi narudi kwetu Tabora."

Jambo moja Hatibu hakuambiwa, na mjini hakuna aliyelijua. Mzee Amri alikuwa na mtoto wa jicho, jicho la kushoto na la kulia. Kwa miaka mitatu yeye alikaa barazani na kupokea kazi, na nyuma ya pazia Semeni ndiye aliyeshika almasi ya kukatia vioo. Watu walisifu mkono wa mzee usiotetemeka. Semeni alisikia sifa hizo akiwa gizani, na hakutaka zaidi. Kusimama mbele za watu kulimchosha kuliko kazi yenyewe.

Kwa Jumamosi mbili zilizofuata Hatibu alipanda malori ya watu kuja kuuliza kioo. Aliketi barazani, na maneno yakapita kwenye pazia.

"Bi Semeni, kioo kimefika?"

"Hakijafika."

"Na mwenyewe hujambo?"

"Sijambo. Wewe umelala lini mara ya mwisho?"

"Sikumbuki. Nikilala naota nakuja kuuliza kioo."

"Masikini! Kunywa uji huo kabla haujapoa."

"Mkono uliopitisha uji nimeuona. Uso lini, mwandani wangu?"

"Mwandani wako nani? Uso ulikuwa mbele yako siku ile sokoni, ukasema hukuona."

Barazani Mzee Amri alikohoa, lakini alikuwa akitabasamu. Jumamosi ya pili pazia lilifunguliwa kidogo, Hatibu akauona uso.

Jumanne iliyofuata kioo kilifika. Semeni aliushusha ukanda, akaunyoosha juu ya meza, akakata palepale mafundo yaliposema. Mkato ulitoka safi. Alikifunga kwa majani makavu ya migomba na blanketi lake mwenyewe, kikasafiri.

Siku tano baadaye dereva mmoja alileta barua.

"Mpenzi wangu Semeni," Hatibu alikuwa ameandika, "kioo kimepungua upana wa vidole viwili. Nilipokitia kilipwaya kikaangukia ndani. Nimesimama mbele ya Bwana Hasani na watu wote, nikasema kweli, kwamba baba yako alipapasa kipimo kwa vidole kwa kuwa macho yake yamekwisha, na afadhali afunge duka kuliko kuwaharibia watu. Wewe sikulaumu hata kidogo."

Semeni alisoma mara mbili. Baba aliuliza barua ya nani.

"Ya Hatibu. Kioo kimepungua."

"Anasemaje?"

Hakuwahi kumdanganya. Alimsomea yote. Mzee alifuta miwani isiyomsaidia kitu.

"Basi ni mimi," alisema. "Aliyekosea ni mimi. Wewe nyamaza."

Semeni aliinama juu ya meza. Aliona aibu, aliona hasira, na zaidi ya yote alichoka, kama mtu aliyebeba maji kutoka mbali na kuyamwaga mlangoni. Mkono wake ulikuwa umemwaibisha baba. Na yule aliyemwita mpenzi alikuwa amelitangaza jina la baba mbele ya watu wa Ngara.

Siku ya pili aliingia mteja, mama Kalista, mkulima wa Nyakahura, ameshika picha ya Bikira Maria iliyoloa pembeni. Wakati akisubiri, aliuona ukanda msumarini.

"Huu ukanda mlifungia nini?"

"Ni kipimo, mama. Kilichunwa Ngara."

"Kikiwa kibichi?"

"Kibichi."

Mama Kalista alicheka mpaka akaketi. "Nyinyi watu wa mjini! Ukanda mbichi unanywea, mwanangu. Sisi tukifunga boriti kwa ukanda mbichi, ukikauka unabana mpaka unauma mti. Anayepima nyumba kwa huo atalala nje!"

Semeni hakucheka. Alikwenda nyuma ya nyumba, akachuna ukanda mbichi, akaukata sawa na upana wa mlango, akautundika juu ya jiko. Kila alipopita aliupima. Siku ya tatu ulikuwa umepungua vidole viwili.

Aliketi chini, akalia kidogo, kisha akasimama mbele ya dirisha la duka. Lilikuwa na kioo kimoja kizima, kikubwa, ambacho baba alikileta kutoka Mwanza mwaka aliooa.

"Baba, uliopungua ni ukanda, si mkono wangu. Nataka kioo cha dirisha."

"Mwezi utaandama lini?"

"Kesho kutwa."

"Basi tusikikate hapa," mzee alisema. "Tukikate penye gari. Nami nakwenda. Jina langu liko huko."

Walisafiri kutwa nzima juu ya magunia ya chumvi, kioo kikiwa katikati ya magodoro mawili. Kila lori lilipoingia shimoni, Semeni alikishika kwa mikono miwili, na baba akamwuliza, "Kipo?" naye akajibu, "Kipo." Usiku walilala Nyakahura. Walipoupanda mlima wa Ngara kesho yake, mgongo ulimuuma Semeni na midomo ilikuwa imekauka.

Hatibu alikuwa akikunja turubai. Mtu wa Kabanga alikuwa amekwisha kufika, anapiga teke magurudumu. Hatibu alipowaona aliuacha ule upande wa turubai ukaanguka.

"Semeni! Mzee, shikamoo."

"Marahaba," mzee alijibu. Semeni alimpa Hatibu ukanda mkavu mkononi.

"Mgomba uliochuna huu uko wapi?"

"Ule pale."

"Chuna mwingine, uupime kwenye gari palepale ulipopima siku ile. Kisha ulinganishe na huu."

Hatibu alichuna, akapima, akalinganisha. Watu walisogea. Alitazama mikanda miwili, akaona mkavu umepungua vidole viwili, akaipima tena, kisha mikono ikamwanguka.

"Mimi ni mtoto wa Tabora, si wa migombani," alisema polepole. "Sikujua."

"Hata mimi sikujua," Semeni alisema.

Bwana Hasani, mwenye kanzu nyeupe na haraka nyingi, alipiga makofi. "Maneno baadaye! Mzee Amri, kata, tuone."

Mzee Amri aliitoa almasi mfukoni. Kila mtu alimtazama. Aliunyoosha mkono, akampa binti yake.

"Mkataji ni huyu," alisema. "Miaka mitatu ni huyu. Mimi sioni hata gari lenyewe."

Semeni alisikia minong'ono ikipita kama upepo. Masikio yalimwaka moto. Alipandisha kanga, akalaza ufito mnyoofu kwenye fremu, akautia alama ya kisu, akaulaza juu ya kioo. Aliivuta almasi mara moja tu kwa upana, mara moja tu kwa kimo. Kioo kililia, akakigonga kidogo kwa chini, kikaachana. Hatibu na yeye walikinyanyua pamoja, kikaingia mahali pake bila kutikisika. Yule mtu wa Kabanga alikitazama, akasonya, akaenda zake. Bwana Hasani alikigonga kwa pete, akasema, "Kesho unapakia chumvi, Hatibu," akarudi dukani kwake.

Hatibu hakumfuata. Alipiga magoti mbele ya mzee, palepale matopeni.

"Mzee, nilikusema hapa mbele ya watu, na mbele ya watu hawahawa nasema, kosa lilikuwa langu. Nisamehe."

"Nimekusamehe. Inuka, utachafua kaptula."

"Nina jingine, mzee. Nataka kumposa Semeni."

"Miaka mitatu nimemsemea kazi yake," mzee alisema. "Nimechoka. Hili mwulize mwenyewe."

Hatibu alimgeukia. "Umesikia?"

"Nimesikia. Uliandika kwamba mimi hunilaumu hata kidogo."

"Niliandika."

"Siku nyingine nikikosea, unilaumu mimi. Usimlaumu baba yangu."

"Nitakulaumu, mwandani wangu. Naapa."

"Na nitakaa barazani, si nyuma ya pazia."

"Utakaa hata juu ya paa ukitaka."

Semeni alitazama mikono yake iliyojaa unga wa kioo. Watu walikuwa bado wamesimama, wanangoja, na kwa uchovu aliokuwa nao hakuona tena haya ya kutazamwa.

"Nimekubali," alisema kwa sauti ambayo hata wa nyuma waliisikia. "Sasa nipisheni, jamani, nikae."

Akaketi kwenye ngazi ya gari, akafumba macho.