Sahani ya Marehemu Mfalme

Mchana huo sahani ya marehemu ilirudi jikoni ikiwa tupu. Mzee Gervais, mwandazi wa meza ya mfalme, akaipeleka kwa malkia.

"Mama Malkia, maskini leo hawana cha kugawiwa. Bata mzima kaliwa, na mifupa yake."

"Paka huyo," alisema Malkia Odette.

"Paka gani anafuta mdomo kwa kitambaa, mama?"

Desturi ilikuwa ya tangu enzi: mfalme akifa, sanamu yake ya nta huketi mezani ikaandaliwa chakula, nacho kikagawiwa maskini, mpaka siku ya arobaini, ndipo izikwe pamoja naye. Odette alikuwa ameyaahirisha mazishi hadi siku ya sitini. Sanamu ikiwa mezani, yeye alitawala kwa muhuri wa mumewe. Ikizikwa tu, baraza lingechagua mlezi wa mwanawe Aymar, mrithi wa miaka mitano, na shemeji yake Thibaud, ndugu wa marehemu, alishawanunua wengi. Mtoto akiingia mikononi mwa Thibaud, mwaka hamalizi. Basi mjane akamng'ang'ania marehemu wake kama kupe, na nani angemlaumu?

Alikwenda kujionea. Mlangoni mwa chumba cha kulia alipokewa na harufu ya nta na nyama iliyochacha, kisha akasikia kutafuna, kutafuna kwa taratibu kwa mtu asiye na haraka, na aliposukuma mlango kutafuna kukakoma, sanamu ikawa imetulia palepale, mikono mezani, ila midomo iling'aa mafuta na kichwa kilikuwa kimegeukia chumba cha Aymar.

Odette alitoka mbio hadi kanisani, akasahau kabisa kwamba yeye ni malkia.

"Si mumeo huyo," Padri Anselin alinong'ona. "Umeacha kiti bila mwenyewe, kikapata mwenyewe."

"Mtoe, padri!"

"Kwenye nta nitamtoa. Lakini kaburini lazima atajwe mfalme mpya, binti yangu. Atakayetajwa, ndiye pepo huyo atakayemwingia."

Odette alikaa kitako sakafuni, akalia.

Kesho yake walizika. Padri aliponyunyiza maji ya baraka, nta ilipiga yowe, ikapasuka. Mpiga mbiu akafungua kinywa amtaje Aymar, Odette akamuwahi.

"Mfalme amekufa! Aishi Mfalme Thibaud!"

Kanisa zima lilipigwa na butwaa. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi.

Thibaud alicheka kwa furaha, kisha kicheko kikakatika. Akamsogelea Odette, akambusu mkono. Midomo yake ilikuwa ya baridi na ilinuka nta.

"Nina njaa, shemeji. Aymar yuko wapi?"

Alfajiri Gervais alikuwa ameondoka na mtoto ndani ya gari la kuni, na Odette alimkataza asimwambie waendako.

"Sijui," alisema, machozi yakimtoka, maana ilikuwa kweli.

Vidole vikamkaza mkononi.

"Haya. Tutakula sisi wawili."