Magunia ya Pilipili Kifuani pa Mjomba Eusebio

Ndugu zangu wa mji wa Hatch, katika habari hii mikono yangu ni safi. Mwenye ushahidi tofauti ajitokeze.

Jumamosi ile ya Septemba mji wote ulinukia pilipili za kuchoma. Shangazi Ofelia alikuwa kibarazani akizimenya, na mumewe, Mjomba Eusebio, dereva wa basi la shule, akizidokoa. Simu ikalia. Mjomba ameshinda bahati nasibu ya kampuni ya roketi iliyoko kule jangwani: kiti kimoja, kupanda hadi mbingu iwe nyeusi mchana, kuelea dakika chache, kurudi. Asipoweza yeye, ataenda mkewe.

Kufika jioni, nusu ya mji ilikuwa uani kwake.

"Zamani walikwenda marubani," akatuambia. "Sasa zamu ya madereva wa basi."

"Utasimama kila kituo, Mjomba?" nikamwuliza.

Tulicheka. Lakini akipanda ngazi tatu tu alishika kifua. "Maharage hayo," alisema. Na fomu ya daktari ilipouliza maumivu ya kifua, akajaza hapana bila kupepesa.

Kisha akasikia kwamba roketi ikipanda, kifua hulemewa kama umekaliwa na watu. Basi Jumanne akalala ghalani, apangiwe magunia ya pilipili kifuani, ajizoeze. Mimi nilisimama mbali, mlangoni, nikimwonya. La kwanza, la pili, la tatu. La nne lilipopanda, uso ukawa rangi ya unga, macho yakageuka. Alizinduka kwa maji ya ndoo.

"Ofelia asijue," akanong'ona. "Watanitoa."

Kesho yake, kwenye uwanja wa roketi, daktari akamwuliza, "Umewahi kuzirai?"

"Sijawahi."

"Jana," Shangazi akasema. "Chini ya magunia. Nilikuwa dirishani. Nimekungoja usiku kucha useme mwenyewe, Eusebio."

Wakampima. Mshipa wa moyo ulikuwa umeziba. Daktari akasema angepanda na moyo ule, asingeshuka nao. Akapasuliwa hospitalini mjini Las Cruces wiki hiyohiyo.

"Umeninyang'anya mbingu," alimwambia mkewe kitandani.

"Mbingu ipo palepale. Mume ninaye mmoja."

Mwezi Machi akaenda Shangazi. Ndugu zangu, mngekuwepo! Ndege iliibeba roketi yake juu, ikaiachia, moto ukawaka, mstari mweupe ukapanda wima mpaka shingo zikatuuma. Mjomba, na kovu lake, alimshika kila mgeni mkono: "Yule ni mke wangu. Yule pale."

Aliposhuka, alikuwa analia na kucheka. "Eusebio, hewa yetu yote ni utando wa buluu, mwembamba kama ganda la kitunguu."

"Na kifua?"

"Kilibanwa. Lakini nilifika."

MAFUNZO

Anga sasa ni ya watu kama sisi, lakini mwili haudanganyiki. Fomu ya daktari si mtihani wa kufaulu. Mficha maradhi, kilio humuumbua. Na anayemsaidia kuficha ni mwenzake.

Niliyasoma haya mezani kwa Shangazi, kwa sauti ya mhubiri. Akaweka kijiko chini.

"Rudia pale uliposimama mlangoni."

Nikarudia.

"Magunia yalikuwa matatu," akasema. "La nne lilivaa raba nyekundu, na lilikuwa linakula tortila."

Mjomba akainama kutazama miguu yangu.