Aliyepokea Sindano

Sindano ilirudi kabla hajaifuata.

Ulikuwa mchana mtulivu, ule ambao hata kuku huona uvivu kuparua. Mama mtu alikuwa ameketi kwenye kigoda katika chumba cha nyuma, kibano cha mbao kikiwa katikati ya magoti yake. Kwenye kibano kulikuwa na mkoba mkubwa wa ngozi aliokuwa akimshonea mumewe, dereva wa lori, wa kubebea nguo zake safarini. Ngozi ile aliipaka rangi ya kahawia mwenyewe, akaiacha ikauke kivulini, akaisugua nta mpaka ikang'aa kama paji la uso lililopakwa mafuta. Haikuwa biashara. Alianza baada ya kujifungua, kwa kutazama video kwenye simu, ili mikono yake ipate pa kwenda siku ambazo mume yuko barabarani. Alikuwa mtu wa haya. Sokoni alilipa bei ya kwanza aliyotajiwa kwa kuogopa maneno. Ngozi haikumdai maneno.

Ngozi hushonwa kwa sindano mbili kwenye uzi mmoja, moja kila ncha. Katika kila tundu moja huenda na nyingine huja, mkono wa kulia ukitoa na wa kushoto ukipokea. Naye, kwa upweke, alikuwa na mazoea yake. Kila mkono wa kulia uliposukuma sindano alinong'ona, "Pokea," kama anayempa mwenzake chumvi mezani.

Siku hiyo mkono wa kushoto haukuwapo. Ulikuwa ukitikisa kikapu cha mtoto wake, ambaye kwa mashavu yale kila mtu alimwita Kibonge. Akasukuma sindano ndani ya mkoba, huko chini kabisa, akasema "Pokea" kwa mazoea, akikusudia kuifuata mtoto akinyamaza. Uzi ukavutwa. Ukavutwa polepole, kwa adabu, mpaka ukakaza. Kisha ncha ya sindano ikachungulia kwenye tundu lililofuata, ikisubiri kushikwa.

Aliufungua mdomo wa mkoba akatazama. Hakuna kitu. Harufu ya rangi, harufu ya gundi, na chini ya hizo harufu nyingine, kama ya nywele mbichi zilizosogezwa karibu na moto.

Mwenye akili timamu angeutupa mkoba ule pamoja na kigoda. Lakini alipougeuza ndani nje aliona mshono wa upande wa pili, na moyo wake ukalegea. Ulikuwa mzuri kuliko wake. Kila pigo la uzi limelala juu ya mwenzake kama nywele zilizosukwa na mtu mwenye subira. Kesho yake akajaribu tena, huku akijicheka. "Pokea." Ikapokelewa.

Kwa siku kadhaa akawa na mwenzake wa kazi. Hakumwambia mtu. Angemwambia nani, na aseme nini?

Wifi yake, dada wa mumewe, aliyeishi nao na asiyejua kunong'ona hata mgonjwa akiwa amelala, aliuinua mkoba akauzungusha kwenye mwanga.

"Wifi, huu umeshona wewe au mashine?"

"Mimi."

"Wewe gani? Wewe uliyenishonea kifungo cha blauzi mpaka leo kinatazama pembeni kama shahidi wa uongo?"

"Nimejifunza."

"Basi nami nifundishe. Ila mbona unanuka hivi? Kuna paka kafia humu?" Akaurudisha haraka, akajifuta viganja kwenye gauni, na hakuugusa tena.

Siku mambo yalipogeuka, Kibonge alikuwa amelala chumbani kwao. Mama yake alikuwa akishona upande wa mwisho wa mkoba, akitoa na kurudishiwa, akitoa na kurudishiwa, kwa mwendo mzuri wa kumfanya mtu asahau mgongo. Mtoto akaamka, akalia. Si kilio cha njaa. Kilikuwa kilio cha ghafla, cha mtu aliyechomwa.

Akataka kuinuka. Gauni halikumfuata. Pindo lake lilikuwa limeshonwa kwenye mkoba, kwa mapigo yaleyale mazuri ya uzi, yaliyolingana. Akalivuta, na hapo akaona kwamba kiganja chake cha kushoto pia hakitoki. Uzi ulikuwa umepita pembezoni mwa kiganja, ndani ya ngozi yake mwenyewe, bila tone la damu, bila maumivu, tundu baada ya tundu, na tangu lini hakujua.

"Wifi!" Sauti ikatoka ndogo. "Wifi, njoo taratibu. Usipige kelele."

Wifi alikuja na Kibonge begani, akaona, na kwa mara ya kwanza tangu aingie nyumba ile akanong'ona.

"Hiki ni nini?"

"Sijui. Kata uzi."

Wifi alichukua mkasi, akaukata uzi. Ulikatika kama uzi wowote. Lakini mtoto begani pake alijinyonga na kupiga ukelele mpaka midomo ikabadilika rangi. Walipomvua soksi waliona kwenye kisigino mstari wa vitundu vidogo, vimepangwa kwa nafasi sawa, kama vile ambavyo uma wa kutobolea huvipanga kwenye ngozi kabla ya kushona. Na wakiwa wanatazama, zile ncha mbili za uzi uliokatwa zikatafutana mapajani mwa mama mtu, zikagusana, zikawa moja.

"Mbebe," mama mtu alisema. "Mfunge mgongoni, kamlete bibi mkunga. Kimbia."

"Nikuache na hiki?"

"Hiki kinamtaka huyo, wifi. Mtoe humu!"

Mlango ukafungwa. Akabaki peke yake na mkoba mapajani, mkono mmoja umefungwa na mmoja huru, na ukimya ukajaa chumbani kama maji yanavyojaa ndoo, polepole mpaka yanafika ukingoni, na ndani ya ukimya huo akasikia kitu kikipumua kwa kufuata pumzi zake, kikivuta anapovuta, kikishusha anaposhusha, na alipobana pumzi ili akisikie vizuri nacho kikabana, kikamsubiri, hadi ncha ya sindano ikachomoza kwenye tundu lililofuata na kutoka ndani sauti ikasema neno moja, kwa upole, na sauti hiyo ilikuwa yake mwenyewe.

"Pokea."

Akaukunja mkono wa kulia nyuma ya mgongo, akaukalia.

Bibi mkunga ndiye aliyezalisha nusu ya mtaa, na watu walimwita pia kwa mambo yasiyohusu uzazi. Aliingia akihema, akaomba kiti kwanza, akalaani goti lake, kisha akainama akanusa mkoba kama anavyonusa maziwa yaliyolala.

"Ulisema nini, mwanangu?"

"Nilisema pokea."

"Ulimwambia nani?"

"Hakuna mtu, bibi. Ni mazoea tu."

"Basi huyo hakuna mtu ndiye aliyepokea." Akaketi. "Sikiliza. Aliyeitwa kazini hafukuzwi kazi ikiwa nusu. Ukikata, atashona kwingine, na kwingine kwenyewe umekuona kisiginoni. Maliza mshono. Pitiliza mpaka mdomo wa mkoba, uufunge wote kama gunia. Uzi utakavyokwenda, utatoka kwako na utatoka kwa mtoto. Yeye atabaki ndani."

"Halafu?"

"Halafu uachwe ukauke, na kesho asubuhi nitakuja kuuchoma kwa moto wangu. Lakini pale mwisho, tundu likibaki moja au mawili, atakupa kitu. Usipokee. Hata kiwe chako, mwanangu. Hasa kikiwa chako."

Wifi akatolewa nje na mtoto, wakae juani, mahali ambapo kila mtu angewaona.

Mama mtu akashona. Kila tundu alilolifunga, uzi ulichomoka kidogo kiganjani, na nje akasikia Kibonge akitulia, na moyo ukampa nguvu. Mwenzake wa ndani alifanya kazi kwa uaminifu, hakuharakisha wala hakuchelewesha. Harufu ya nywele mbichi ikawa nzito kiasi kwamba bibi mkunga alijifunika pua kwa upande wa kitambaa chake. Mdomo wa mkoba ukawa mwembamba, ukawa upenyo, na kwenye upenyo ule, alipokuwa akiiweka sawa sindano yake ya mwisho, kikatoka kidole, kisha vidole, vidole vitano vya mguu, vinene, vya mtoto, na baada ya vidole unyayo, na baada ya unyayo kisigino chenye mstari wa vitundu.

"Pokea," ilisema sauti yake.

"Usipokee," bibi mkunga alinong'ona.

"Bibi, ni mguu wake. Naujua mguu wake!"

"Mwanao yuko juani. Vuta uzi."

Kutoka ndani mtoto akaanza kulia, kile kilio chake cha kukatika katikati, cha kumeza mate na kuanza upya, ambacho hakuna mtu mwingine duniani angekitambua ila yeye, na mguu ukarudi ndani taratibu kama mtu anayevutwa na mtu. Naye akafumba macho, akavuta uzi, akavuta kwa mikono yote miwili maana sasa yote ilikuwa huru, mpaka mshono ukabana na kilio kikawa chembamba, kikawa mbali, kikaisha.

Alitoka nje akijikwaa. Wifi alikuwa kwenye mkeka, Kibonge mapajani, mzima, akitazama watu kwa macho makubwa.

"Katulia muda mrefu tu," wifi alisema, akifuta machozi na kucheka kwa pamoja. "Tazama kisigino! Tazama!"

Kilikuwa kisigino laini, kisicho na alama hata moja.

Siku ile yote mtoto hakulia. Alikula uji, alilala alipolazwa, aliamka akakaa kimya.

"Si ulikuwa ukilalamika hupati usingizi?" wifi alisema. "Umeletewa mtoto kama picha ya ukutani. Nyamaza, usije ukamwamsha wa zamani."

Mama mtu alicheka ili wifi afurahi. Alimnyonyesha Kibonge. Mtoto alishika titi kwa ustadi, akavuta, akavuta, lakini maziwa hayakushuka, na hadi alfajiri kifua kilikuwa kigumu kama jiwe. Akajiambia ni hofu. Hofu huzuia maziwa, hata wazazi wake walisema hivyo.

Asubuhi alikwenda kufagia chumba cha nyuma. Mkoba ulikuwa juu ya kigoda, umefungwa pande zote, umenyamaza. Aliinama kuokota vipande vya ngozi, na gauni lake likalowa.

Akatazama kifuani. Maziwa yalikuwa yakishuka yenyewe, ya moto, yakipita kwenye nguo mpaka kiunoni, kama yanavyoshuka mama anaposikia mwanawe analia. Lakini hapakuwa na aliyelia. Akarudi nyuma mpaka mlangoni. Yakakoma. Akausogelea mkoba. Yakashuka.

"Wifi!" Sauti ya wifi ilitoka uani, ya furaha. "Bibi huyo anakata kona! Anakuja na mafuta yake ya taa! Utoe huo uchafu tuumalize!"

Mwili unaweza kudanganywa, alijiambia. Yule wa ndani aliiga sauti yangu, ataiga na njaa. Mwanangu yuko kitandani, nimemwogesha leo. Akasema hayo mara nyingi, huku akipiga magoti, huku mkono ukipapasa sanduku la vifaa na kutoka na wembe wa kukatia ngozi. Uani goti la bibi mkunga lilisikika likilaaniwa. Hatua zikaja. Akaweka ncha ya wembe kwenye pigo la kwanza la uzi, akalikata, na kutoka kwenye kijitundu kile ikatoka pumzi ndogo yenye joto, ikafuatwa na kilio cha kumeza mate na kuanza upya.

Na nyuma yake, chumbani kitandani, yule mtoto asiyelia akaanza kulia, kilio kilekile, cha kumeza mate na kuanza upya.

Akabaki pale pale sakafuni, wembe mkononi, hawezi kukata wala kuinuka, maziwa yakimtoka pande zote mbili.